Kabati la Ghorofa ya Tatu

4 Julai

Kaka,

Shikamoo. Nakuandikia barua kama watu wa zamani kwa sababu simu ndani ya nyumba hii haifai. Vyumba ni viwili, na masikio ya Mama hayajazeeka hata kidogo. Nikikohoa jikoni anauliza nimeanza kuumwa lini. Tena huko mnakojenga bwawa najua mtandao mnaupandia mlima. Dereva wa gari linalowapelekea dizeli amekubali kukuletea.

Habari ni hii. Hospitali wametoa tarehe ya upasuaji wa nyonga: 28 Agosti. Amesubiri miezi kumi na tisa. Daktari anayemjia nyumbani amesema tukiikosa siku hiyo jina linarudi mkiani, na kwa jinsi mfupa ulivyolika, mwakani huenda pasiwe na cha kutengeneza. Sasa hivi Mama anatoka kitandani hadi kwenye kiti, kwenye kiti hadi roshani, basi. Akijigeuza anauma mto ili nisimsikie. Namsikia.

Kinachotushinda ni ngazi. Juzi nimeita majirani wanne na machela. Wamekaa sebuleni dakika arobaini, wamekunywa chai, wameshuka na machela yao tupu. Mama amesema, "Kwenye ngazi hizo sibebwi na mtu tena." Ukimuuliza kwa nini, anatazama nje. Ni miaka miwili tangu aanguke mgongoni kwako, na ulisema ngazi zilikuwa na maji. Zimekauka, Kaka. Nimemwambia zimekauka, akanitazama kama nimemtukana.

Zimamoto nao nimewaendea. Gari lao la ngazi liko juu ya mawe tangu mwaka jana.

Wewe ndiye uliyesomea kunyanyua vitu. Nifikirie, maana mimi roho iko juu, kila nikipita kalenda naigeuza ukutani.

Mdogo wako


11 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimesoma barua yako nikiwa juu kwenye kibanda cha kreni, na jibu lako nilikuwa nimelikalia.

Kuna jamaa yangu kwenye yadi ya mitambo hapo mjini. Ana kreni ndogo ya magurudumu na kikapu cha chuma cha kunyanyulia mafundi, kina mikanda na cheti chake. Ataniazima asubuhi moja, na nitaendesha mwenyewe. Kikapu kinasogea hadi roshani, kiti cha Mama kinaingia, unaingia naye umshike, dakika kumi mko chini. Hilo hatalikataa. Mtu aliyepiga ishara za kreni kwenye majengo miaka ishirini na miwili, mafundi wakamwita Mama Mikono, hawezi kuogopa kreni.

Sasa kazi yako. Mashine itasimama barabarani, na mguu wake mmoja utakanyaga bustani ya halmashauri. Hapo pote ni pa umma, bila kibali watatufungia mashine na mimi pamoja nayo. Nenda Idara ya Barabara, chukua fomu ya mitambo ya ujenzi. Wanataka siku ishirini na moja, kwa hiyo usilaze damu.

Sikiliza vizuri: panapoulizwa aina ya mzigo, usiandike mtu. Andika kabati. Kote nilikofanya kazi tunaandika hivyo. Ukiandika "mtu" faili linazungushwa meza saba, kila meza inaogopa, mwisho linapotea. Kabati halimtishi mtu. Uzito andika kilo mia mbili, pamoja na kikapu na wewe.

Msalimie Mama.

Kaka yako


17 Julai

Kwa Afisa wa Vibali,
Idara ya Barabara na Maeneo ya Wazi.

YAH: KUTUMIA KRENI KWENYE ARDHI YA UMMA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Naomba kibali cha kusimamisha kreni ya magurudumu mbele ya jengo letu, upande wa bustani, tarehe 27 Agosti, kuanzia saa tatu hadi saa tano asubuhi, ili kushusha kabati moja kutoka roshani ya ghorofa ya tatu. Fomu nimeijaza na kuiambatanisha.

Natanguliza shukrani.

Mpangaji, ghorofa ya tatu


25 Julai

Kwa Mpangaji, ghorofa ya tatu.

Maombi yako yamepokelewa. Kabla ya kuendelea, Idara inaomba ufafanuzi ufuatao.

Kwanza, kwa nini kabati lisifumuliwe na kushushwa vipande vipande kwa ngazi? Pili, kama liliweza kupanda, limeshindwaje kushuka? Tatu, leta picha na vipimo vyake.

Unakumbushwa kwamba mwaka huu Idara imekwisha kupokea makabati kumi na moja. Manne yalikuwa jenereta na moja lilikuwa ng'ombe.

Afisa wa Vibali


27 Julai

Kaka,

Umeniponza. Ona nakala ya barua ya huyu bwana. Anataka picha ya kabati! Nimpige picha nani? Nilikwenda ofisini kwake nikitaka kumaliza kwa mdomo. Ni mtu mwembamba, ana penseli nyuma ya kila sikio, na ukutani amebandika ramani ya mji yenye alama nyekundu kila mahali palipowahi kuchimbwa. Nikamwambia ni kabati tu, mzee. Akasema, "Dada, hakuna kabati tu," akanipa kiti. Nikakaa, nikashindwa kusema uongo, nikashindwa kusema ukweli, nikaomba maji. Nimekunywa maji ya serikali glasi mbili, nikarudi nyumbani.

Mama amekubali kreni. Nilipomwambia, aliuliza mambo mawili tu: ya tani ngapi, na nani anaendesha. Nikasema wewe. Akakoroga chai mpaka ikapoa. Kisha akasema sawa.

Na wewe, mbona humwandikii? Miaka miwili "msalimie Mama", kama jirani wa mtaa wa pili. Anauliza habari zako kwa kuzunguka, anauliza kama kwenye bwawa kuna baridi, kama wenye kreni wanapewa makoti. Nifanyeje sasa na hii picha?

Mdogo wako


2 Agosti

Mdogo wangu,

Usitetereke. Ukibadilisha maneno sasa watasema umedanganya kwenye fomu, na adhabu yake ni kufungiwa maombi mwaka mzima. Ni kipengele cha mwisho, maandishi madogo. Piga picha kabati la jirani wa chini, lile la kioo. Sema ni la urithi, limegongwa misumari ya zamani, likifumuliwa limekufa. Kupanda, sema lilipanda kabla ngazi hazijawekewa vyuma.

Makoti tunapewa. Kazi ni nyingi.

Kaka yako


13 Agosti

Kwa Mpangaji, ghorofa ya tatu.

Rejea maelezo yako ya tarehe 6 Agosti pamoja na picha. Kabati ni zuri.

Nasikitika kukujulisha kwamba maombi yamekataliwa. Kuanzia tarehe 20 Agosti hadi 15 Septemba barabara yenu itakuwa ikiwekwa lami upya, na hakuna mtambo wa nje utakaoruhusiwa. Samani inaweza kusubiri. Msamaha hutolewa chini ya Kifungu cha Tisa peke yake, yaani pale uhai au afya ya mtu inapohusika, na hapo kibali hutoka ndani ya siku tatu.

Unaweza kuomba upya baada ya tarehe 15 Septemba.

Afisa wa Vibali


14 Agosti

Kaka,

Soma hiyo barua, halafu isome tena pale penye Kifungu cha Tisa. Siku tatu! Tungesema "mgonjwa" tangu mwanzo, ningekuwa na kibali mwezi uliopita, kimekunjwa ndani ya mkoba. Badala yake tuna kabati la urithi la jirani, na siku zimebaki kumi na nne.

Nina hasira na wewe. Hujawahi kuwa mtu wa kudanganya wakubwa. Ulikuwa unanichapa mimi kwa kuficha daftari. Kwa nini hili la kabati umeling'ang'ania hivi? Na usiniambie habari za meza saba.

Kibaya zaidi, nilikuwa nimezificha barua zote chini ya mto wa kiti chake, nikidhani hapo hatazitafuta. Nimesahau kwamba ndipo anapokaa kutwa. Leo nimerudi kutoka kazini nikamkuta amezipanga mapajani kwa tarehe, miwani imeshuka puani. Hakufoka. Aliomba kalamu na karatasi ya mistari, akaniambia nifunge mlango kwa nje.

Mdogo wako


15 Agosti

Kwa Afisa wa Vibali.

Mwanangu,

Kabati ni mimi.

Nina miaka sitini na nane, nyonga ya kulia imelika, na tarehe 28 natakiwa kuwa juu ya meza ya upasuaji. Barua ya daktari hii hapa. Binti yangu hakutaka kukudanganya, kaka yake alimfundisha, na kaka yake nitashughulika naye mwenyewe, wewe usihangaike. Kama kuna wa kufungiwa mwaka mzima nifungie mimi, ila baada ya kunishusha. Nimekaa juu hapa miaka miwili. Bustani yenu naijua kuliko mtunza bustani: bomba la kumwagilia linavuja kwenye kona ya benchi, na mguu wa kreni ukiwekwa hapo bila mbao nne utazama. Waambie wauweke upande wa taa.

Utajiuliza kwa nini sibebwi. Wananifanya mwoga na mimi si mwoga. Kazi yangu ilikuwa kupiga ishara. Unasimama chini, kreni iko juu, mwendeshaji haoni anapotua, anaona mikono yako tu. Nimeshusha nondo, nimeshusha vioo, nimeshusha tangi la maji juu ya paa la shule watoto wakiwa darasani. Miaka ishirini na miwili sijaumiza mtu, kwa sababu nikisema simama, chuma chote kile kilisimama. Mtu anayekubeba hasimami. Anasema bado kidogo tu, Mama.

Jambo la mwisho. Kwenye fomu yenu kuna mahali pa jina la mpiga ishara, pameachwa wazi. Andika mimi. Nitajishusha mwenyewe.

Na aliyenisingizia uzito nimeona. Sisi wawili na kikapu hatufiki mia mbili hata tukishiba.

Mama wa ghorofa ya tatu


16 Agosti

Mdogo wangu,

Barua yako imefika leo na gari la dizeli. Nimeomba ruhusa ya nusu siku, nimekaa kwenye kitanda cha kambi, na sasa nakuambia.

Ngazi hazikuwa na maji.

Siku ile ulikuwa kazini. Nilikuwa na haraka, basi langu lilikuwa linaondoka saa sita, na kliniki yake ilikuwa saa tano. Majirani walikuwa wanakuja kusaidia, akasema tuwasubiri. Nikasema mimi mwenyewe natosha. Nikamweka mgongoni. Kwenye kona ya ghorofa ya pili alisema, "Simama." Hakupiga kelele, alisema kama alivyokuwa akisema kazini. Nikamwambia bado kidogo tu, Mama. Akasema tena, "Simama," mkono wake ukapita mbele ya uso wangu, umenyooka, kiganja chini. Unaujua mkono huo. Mimi nimejifunza kreni kwa kuutazama mkono huo, nikiwa mdogo nimekaa kwenye rundo la mchanga.

Kwetu kazini kuna sheria moja haina mjadala. Kreni humsikiliza mpiga ishara mmoja tu, lakini ishara ya kusimama hata akiitoa mpita njia mwenye kapu la nyanya, unasimama kwanza, unauliza baadaye. Sikusimama. Goti lake lilikuwa limenasa kwenye chuma cha ngazi, ndicho alichokuwa anataka kuniambia. Nilivuta. Tukaanguka wote, mimi nikamwangukia.

Fomu ya mtu ina swali ambalo fomu ya kabati haina. Wanauliza: je, amewahi kuumia katika kunyanyuliwa au kushushwa, na nani alihusika? Nililikumbuka swali hilo kabla sijaisoma barua yako ya kwanza hadi mwisho. Ndiyo maana ya kabati. Meza saba ni kweli zipo, lakini sikuwa naziogopa hizo.

Hajawahi kunilaumu mbele ya mtu. Niliposema ngazi zilikuwa na maji, aliniachia uongo wangu. Nimeona haya miaka miwili, mdogo wangu, haya ya kushindwa kupiga simu. Mwombe jamaa wa yadi akutafutie mwendeshaji mwingine. Mimi sistahili kushika usukani wa kreni na yeye akiwa kwenye ndoano.

Kaka yako


19 Agosti

Kwa Mama wa ghorofa ya tatu.

YAH: MAOMBI MAPYA CHINI YA KIFUNGU CHA TISA

Shikamoo.

Faili la kabati limefungwa. Limeandikwa "mzigo haukupatikana". Barua yako imepokelewa kama maombi mapya, na kibali kimetolewa kwa tarehe 27 Agosti, saa tatu hadi saa tano asubuhi. Mafundi wa lami wataambiwa waanzie upande wa pili.

Masharti: mguu wa kreni uwekwe upande wa taa, juu ya mbao nne (bomba nimelikagua mwenyewe, linavuja kweli). Cheti cha kikapu kiletwe. Binti awe ndani ya kikapu. Nitakuwepo kuandika taarifa.

Kanuni inataka mpiga ishara awe "mtu mwenye ujuzi, anayeonekana na mwendeshaji wakati wote". Haisemi popote kwamba asiwe ndani ya mzigo. Nimeisoma mara tatu. Umeandikwa.

Bado nahitaji jina la mwendeshaji kabla ya tarehe 25.

Afisa wa Vibali


20 Agosti

Mwanangu,

Mdogo wako amenisomea barua yako. Alifika katikati akaacha kusoma, nikamwambia endelea. Amelia, amekutukana kidogo, sasa anapika.

Nilikuwa najua siku moja utaisema. Nilidhani utaisema mapema zaidi, nimechoka kuingoja. Kuanguka kila mtu huanguka. Kilichoniuma ni kwamba nilisema simama na mwanangu niliyemfundisha mwenyewe hakunisikia, nikawa gunia. Tangu siku hiyo kila anayenyoosha mikono kunibeba namwona ni wewe.

Sitaki mwendeshaji mwingine. Huyo mwingine sijui masikio yake. Njoo wewe.

Sikiliza, hii ndiyo kazi. Nitakuwa ndani ya kikapu nikikutazama, na wewe utatazama mikono yangu, usitazame uso. Tukiwa njiani nitakuambia simama. Sikuambii wapi, na sababu haitakuwepo. Ukisimama, tutaendelea. Usiposimama, nikifika chini nakwenda hospitali, na wewe unarudi bwawani na salamu zako za jirani.

Vaa koti, huku asubuhi kuna baridi.

Mama


24 Agosti

Mama,

Shikamoo.

Nakuja. Jina langu nimempa Afisa kwa simu, nimepanda mlima. Aliuliza lile swali la fomu: amewahi kuumia, nani alihusika? Nikamwambia ni mimi. Nikasikia penseli ikiandika. Kisha akauliza kama bado nataka kuendesha. Nikasema ndiyo, mama yangu amesema.

Naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa juu ya mashine yoyote.

Mwanao


27 Agosti

TAARIFA YA MATUMIZI YA MTAMBO KWENYE ARDHI YA UMMA
Imejazwa na Afisa wa Vibali, papo hapo.

Mtambo: kreni ya magurudumu, imekaguliwa. Kikapu: cheti kimeonekana. Mguu wa upande wa taa: mbao nne, haukuzama.

Saa tatu na dakika ishirini kikapu kiliondoka roshani ya ghorofa ya tatu, watu wawili ndani, mikanda imefungwa. Ishara zilitolewa na mpiga ishara akiwa amekaa kwenye kiti. Zilikuwa wazi. Mafundi wa lami waliacha kazi bila kuambiwa wakaja kutazama. Niliwarudisha nyuma ya kamba.

Usawa wa ghorofa ya pili, mpiga ishara alitoa ishara ya kusimama. Mtambo ulisimama hapo hapo. Kikapu hakikuyumba. Niliuliza kwa sauti kama kuna hitilafu. Mpiga ishara alijibu hakuna. Binti alimwuliza mama yake jambo, sikulisikia. Mpiga ishara aliushikilia mkono wake vile vile, umenyooka, kiganja chini, kwa dakika nne kwa saa yangu. Kwa muda wote huo mwendeshaji hakugusa kitu. Mmoja wa mafundi wa lami alianza kusema wanangoja nini, mwenzake akamziba mdomo.

Kisha mpiga ishara aliteremsha mkono na kutoa ishara ya kushusha, polepole. Kikapu kilitua saa tatu na dakika thelathini na moja.

Uharibifu wa barabara: hakuna. Uharibifu wa bustani: nyasi kidogo. Majeruhi: hakuna.

Mengineyo: injini ilipozimwa mwendeshaji hakushuka, alibaki kitini amefunika uso kwa koti. Gari la hospitali lilikuwa linangoja. Mpiga ishara alikataa kupandishwa na wauguzi. Alimtazama mwendeshaji, akainua mikono yote miwili, akamwita kwa ishara ya kusogea karibu. Mwendeshaji alishuka, akaja, akainama mbele ya kiti. Alimbeba mgongoni kutoka kwenye kikapu hadi ndani ya gari, hatua kumi na sita. Katikati ya njia sikusikia mpiga ishara akisema neno, lakini mwendeshaji alisimama mara mbili akamwuliza kama yuko sawa.

Sehemu hii ya mwisho haihusu mtambo. Nafasi ya kuiandika haipo kwenye fomu, kwa hiyo nimeiandika nyuma ya karatasi.

Afisa wa Vibali